Sarafu yako ya kwanza ya Kirumi: sestersi nzito au numi ndogo?

Kwenye skrini ya simu sarafu zote hulingana ukubwa. Hapo ndipo wengi wanaotafuta shaba yao ya kwanza ya Kirumi wanapopotea, hasa sisi tunaonunua kwa picha kutoka mbali na minada ya Ulaya. Picha moja ni ya sestersi ya Hadrianus, Kaisari wa karne ya 2: pande la shaba lenye upana wa milimita 32 au zaidi na uzito wa gramu 25 hivi. Picha ya pili ni ya numi ya Constantinus, Kaisari wa karne ya 4, au mmoja wa wanawe, upana wa milimita 18, uzito usiofika gramu 3. Muuzaji anaziita zote mbili "shaba za Kirumi". Mbele zina kichwa cha Kaisari, nyuma zina ujumbe wa dola, na bei zimepishana mara kumi au ishirini.

Msimamo wangu nautoa mapema ili usipoteze muda: kwa mtu mwenye mfuko wa kawaida, numi nzuri ni bora kuliko sestersi iliyosagika. Lakini wapo ambao ushauri huu hauwafai, na kati ya hizo mbili kuna sarafu ya tatu ambayo watu huiruka bila sababu.

Kwanza uzijue zilikuwa zikinunua nini. Karibu mwaka 23 K.K., Augustus, Kaisari wa kwanza, alipanga upya sarafu za chini. Sestersi na nusu yake, dupondi, zikafuliwa kwa shaba iliyochanganywa na zinki, yenye rangi ya manjano inayong'aa ikiwa mpya. Asi, robo ya sestersi, ikabaki ya shaba nyekundu. Sestersi nne zilikuwa dinari moja ya fedha. Askari wa kawaida wa jeshi la Augustus alilipwa sestersi 900 kwa mwaka. Mashomoro wawili wa Injili ya Mathayo waliuzwa kwa asi moja. Kwenye ukuta mmoja wa Pompeii, mji wa kale wa Italia, bado yapo maandishi ya kilabu cha mvinyo: kwa asi moja unakunywa, kwa mbili unakunywa ulio bora, kwa nne unakunywa Falerno, mvinyo wa hali ya juu. Kwa hiyo sestersi unayoilipia dola mia kadhaa leo ilikuwa bei ya kinywaji cha mwenye nazo.

Numi ni mtoto wa dunia nyingine. Katika karne ya 3 fedha ndani ya sarafu za Roma ilipunguzwa mpaka zikawa shaba iliyopakwa weupe, na sestersi yenyewe ikafa, kwani hakukuwa na faida ya kufua pande zito la sarafu isiyonunua kitu. Karibu mwaka 294 Kaisari Diocletianus alianzisha sarafu mpya ya shaba yenye fedha kidogo juu yake, gramu 10 hivi. Ilianza vizuri, kisha ikaanza kukonda. Kufikia miaka ya 320 ilikuwa gramu 3, na Constantinus alipofariki mwaka 337 ilikuwa imeshuka chini ya gramu 2. Kwenye orodha za mauzo utaiona ikiitwa follis, nummus, au AE3 na AE4 kwa kufuata ukubwa. Usibabaike, ni ukoo uleule.

Sura ya mtu na sura ya cheo

Ukitaka kumtazama binadamu usoni, sestersi haina mpinzani. Fundi alikuwa na nafasi ya kutosha, na alikuwa na mtu wa kumchora. Fuata sarafu za Nero tangu alipotawazwa mwaka 54 hadi alipojiua mwaka 68, utaona kijana mwembamba akigeuka jibaba lenye shingo nene, kidevu cha pili, na nywele zilizopangwa kwa mawimbi juu ya paji la uso. Aliyeshika dola baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, Vespasianus, hakuficha upara wala makunyanzi. Alitaka raia waone mzee wa jeshi aliyekuja kusafisha uchafu. Hadrianus akaleta ndevu, na waliomfuata wakazifuga.

Wanawake wa ikulu nao wapo. Faustina, mke wa Antoninus Pius, alifariki mwaka 140, na mumewe akafua sarafu za kumbukumbu yake kwa wingi wa ajabu, zenye maneno DIVA FAVSTINA, yaani Faustina aliyefanywa mungu, na nywele zilizosokotwa na kufungwa juu ya utosi. Kwa wingi huo sestersi zake ni miongoni mwa zile za bei nafuu, na mtindo wa nywele unatambulika hata sarafu ikiwa imechakaa. Mtu akining'ang'ania kwamba lazima aanze na sestersi, humwelekeza kwa Faustina.

Sasa shika numi ya karibu mwaka 300. Diocletianus aligawana madaraka na wenzake watatu tangu mwaka 293, na sarafu za wanne hao zina kichwa kilekile: cha mraba, shingo kama gogo, ndevu fupi, macho makubwa. Bila kusoma jina huwezi kumjua nani ni nani. Wengine husema mafundi walikuwa wamesahau kazi yao. Sikubaliani nao, maana mikunjo ya taji na herufi zimechongwa kwa ustadi. Ujumbe ulikuwa kwamba Kaisari ni cheo kimoja chenye viti vinne, na mtu hakuwa na umuhimu. Constantinus akauvunja utaratibu huo: uso ulionyolewa, pua ndefu iliyopinda kidogo, ujana usiozeeka. Kuanzia karibu mwaka 325 aliacha shada la majani ya laureli akavaa utepe wa kifalme wenye vito, na watawala waliokuja nyuma wakaiga.

Nguvu ya sura kwenye pesa tunaijua vizuri. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikataza noti na sarafu kubeba sura ya mtu yeyote, na sarafu mpya za 2018 zikaja na wanyama. Warumi wangelishangaa. Kwao kubadilisha kichwa kwenye sarafu ndiyo ilikuwa taarifa ya habari, na kufuta kichwa ilikuwa adhabu. Mwanahistoria Cassius Dio anaandika kwamba Baraza la Seneti liliamuru sarafu za shaba za Kaisari Caligula ziyeyushwe. Huko Stratonikeia, katika Uturuki ya leo, zimepatikana sarafu ambazo Kaisari Caracalla amebaki peke yake huku sura ya Geta, nduguye aliyemuua, ikiwa imekwanguliwa.

Nyuma ya sarafu

Hapa sestersi huvutia zaidi kwenye picha za makumbusho kuliko kwenye bajeti yako. Zile maarufu ni maarufu kweli. Nero alionyesha hekalu la mungu Janus milango yake ikiwa imefungwa, na maandishi yakizunguka: PACE P R TERRA MARIQ PARTA IANVM CLVSIT, yaani baada ya kuwaletea Warumi amani nchi kavu na baharini, amefunga milango ya Janus. Ukitazama kwa karibu utahesabu hata mawe ya ukuta na shada lililotundikwa juu ya mlango. Ipo ya bandari ya Ostia iliyojaa meli, imechorwa kana kwamba fundi alikuwa akitazama kutoka angani. Ipo IVDAEA CAPTA, yaani Yudea imetekwa, ya Vespasianus, mwanamke akilia chini ya mtende baada ya Yerusalemu kuangushwa mwaka 70. Ipo ya Titus ya mwaka 80 yenye Colosseum, uwanja mkubwa wa maonyesho wa Roma, watazamaji wakiwa vitone vidogo kwenye ngazi. Hiyo hata kuiulizia bei ni kujichosha.

Hadrianus, mtawala aliyezunguka dola yake kuliko wote, alitoa mfululizo wa sarafu za majimbo. Ile ya AFRICA ina mwanamke aliyejiegemeza, kichwani amevaa ngozi ya kichwa cha ndovu mkonga ukiwa umeinuka, mkononi ana nge, na miguuni pake kikapu cha nafaka. Africa hiyo ni jimbo lao la Tunisia na pwani za jirani, wala si bara zima, lakini ni vigumu msomaji wa huku kuipita bila kusimama.

Tatizo ni kwamba sestersi utakayoimudu mara nyingi haina lolote kati ya hayo. Itakuwa na mungu wa kike aliyesimama akishika kitu: Fortuna na usukani, Annona na masuke, Salus akilisha nyoka. Pembeni herufi mbili kubwa, S C, za idhini ya Seneti. Ikiwa imesagika, kitu alichoshika ndicho kilichofutika kwanza, na bila hicho hujui ni nani. Unabaki na kivuli cha mwanamke na gramu 25 za shaba.

Numi haina mandhari. Ina mabango. Picha ni chache, zimerudiwa kwa mamilioni, na kila moja ni tamko la sera. Mapema kuna GENIO POPVLI ROMANI, roho ya watu wa Roma, kijana aliyeshika bakuli la sadaka na pembe ya neema, salamu za dola iliyorudi kwa miungu yake. Kisha SOLI INVICTO COMITI, Jua Lisiloshindwa kama mwenzi wa Kaisari. Constantinus aliendelea kuifua hadi karibu mwaka 318, miaka kadhaa baada ya vita vya Daraja la Milvian vya 312 ambavyo hadithi ya Kanisa inavihusisha na kuongoka kwake. Anayetaka kuelewa namna mtu huyo alivyokuwa akipima upepo, vipande viwili vya shaba vya bei ya chakula cha jioni vitamfundisha mengi. Alama ya Kristo, herufi za Kigiriki khi na ro zikiwa zimepishana, haikuwahi kutawala upande mzima wa nyuma hadi Magnentius, aliyenyakua madaraka magharibi, alipoiweka mwaka 353 ikiwa na alfa na omega kushoto na kulia.

Baada ya Konstantinopoli, mji mkuu mpya (Istanbul ya leo), kuzinduliwa Mei 330, zilitoka sarafu mbili pacha zisizo na Kaisari kabisa. VRBS ROMA, yaani mji wa Roma, ina mungu wa kike Roma aliyevaa helmeti mbele, na mbwamwitu akinyonyesha mapacha wa hadithi ya kuasisiwa kwa Roma nyuma. CONSTANTINOPOLIS ina mji mpya ukiwa mwanamke mwenye helmeti, na Ushindi mwenye mabawa akisimama juu ya omo ya meli. Ukizinunua pamoja unaushika mkononi mpango mzima wa kuwaambia raia kwamba sasa Roma ni mbili. Wakati huohuo ilimwagika GLORIA EXERCITVS, utukufu wa jeshi, askari wawili wakiwa na bendera mbili katikati, na kuanzia 335 hivi bendera ikawa moja kwa sababu sarafu ilikonda na nafasi ikaisha.

Inayonivutia mimi ni FEL TEMP REPARATIO, iliyoanza mwaka 348 chini ya Constantius II na ndugu yake Constans. Maneno yanaahidi kurejea kwa nyakati za heri. Picha iliyoenea inaonyesha askari Mrumi akimchoma mkuki mpanda farasi aliyeanguka. Farasi amepiga magoti, adui amegeuka nyuma na kuinua mkono mmoja kana kwamba anaomba, ngao yake iko chini. Yote hayo ndani ya duara lisilozidi ukucha wa kidole gumba. Amani inatangazwa kwa picha ya mauaji, na hakuna aliyeona kasoro.

Kusoma

Mwenye sestersi husoma vyeo. IMP, CAES na AVG ni vyeo vya Kaisari mwenyewe, P M kwa kuhani mkuu, TR P kwa mamlaka ya utetezi wa raia yaliyohesabiwa kila mwaka, COS kwa idadi ya mara alizokuwa konsuli, cheo cha juu cha uongozi wa Roma. Namba hizo hukusaidia kukadiria mwaka: Traianus, aliyemtangulia Hadrianus, mwenye COS V ni wa kati ya 103 na 111, mwenye COS VI ni wa 112 na kuendelea. Hadrianus mwenye COS III ni wa mwaka 119 au baada yake, na kwa kuwa hakuchukua tena cheo hicho, namba hiyo haikusogezi mbele zaidi ya hapo. Sarafu nyingi kati ya hizo zilifuliwa Roma, kwa hiyo swali la wapi mara nyingi limekwisha kujibiwa.

Mwenye numi husoma chini. Chini kabisa ya picha ya nyuma kuna mstari, na chini ya mstari herufi chache zinazotaja mji na karakana ya kufulia sarafu. SMAN ni Antiokia, SMAL ni Aleksandria, SIS ni Siscia iliyo Croatia ya leo, TRP na TRS ni Trier ya Ujerumani, PLON ni London, karakana iliyofungwa karibu mwaka 325. Picha ileile ya askari wawili ilifuliwa kutoka Gaul hadi Misri, na herufi hizo ndizo zinazokuambia yako ilizaliwa wapi. Pana mtego mmoja wa kuujua kabla hujalipa: CONSA ni Konstantinopoli, lakini PCONST ni Arles ya Ufaransa, ambayo kwa muda iliitwa Constantina. Hata wauzaji huteleza hapo. Kwa kuhakiki, kanzidata ya OCRE inayoendeshwa na American Numismatic Society ya New York ni ya bure, na unaweza kuchuja kwa mtawala, karakana na maneno ya nyuma.

Kwa hiyo nani afanye lipi? Anayependa kukaa na sarafu moja, kuigeuza, kuusikia uzito wake, kumkazia macho mtu aliyekufa karne nyingi zilizopita, aweke akiba anunue sestersi moja. Anayependa kuchimbua, kulinganisha, kupanga kwa miji na miaka, numi zitampa kazi ya maisha.

Bei, na vinavyojificha nyuma ya bei

Numi ya kawaida yenye maandishi yote na karakana inayosomeka kwa kawaida hupatikana kwa dola 20 hadi 50. Sestersi yenye uso ulio wazi huanzia mamia, na ukitaka nzuri kweli unaingia maelfu. Tofauti hiyo haina uhusiano mkubwa na umri. Ni wingi. Watu wa karne za 3 na 4 walifukia pesa zao ardhini kwa vyungu, na vyungu vinaendelea kupatikana. Huko Frome, Uingereza, mwaka 2010 chungu kimoja kilitoa sarafu 52,503 za karne ya 3. Seaton Down, Devon, mwaka 2013 zilitoka 22,888, nyingi zikiwa za ukoo wa Constantinus. Sestersi zilizunguka miaka mingi mikononi mwa watu, nyingine zaidi ya karne, ndiyo maana zimesagika.

Bei kubwa huvuta mikono michafu. Sestersi ndiyo sarafu inayochezewa kuliko shaba zote za Roma. Mtu huchukua iliyochakaa, akachonga upya nywele, mikunjo ya nguo na herufi kwa kisu kidogo, akalainisha uwanja, yaani sehemu tupu ya sarafu, ulioliwa na kutu, kisha akapaka rangi ya kijani. Angalia nywele: zilizochongwa upya zina mifereji mikali yenye kina kimoja, ilhali sehemu zilizoinuka jirani yake, kama sikio na shavu, zimesagika. Angalia herufi: zikiwa nyembamba na zimekatwa wima kwenye uwanja laini kupita kiasi, ondoka. Muuzaji mwaminifu huandika kwamba sarafu imelainishwa au imechongwa; asiyeandika, muulize kwa maandishi. Zipo pia bandia za kale zenye thamani yake, kama zile za Giovanni da Cavino, fundi wa Padova wa karne ya 16 aliyeiga sestersi kwa umahiri kiasi kwamba leo watu hukusanya kazi yake yenyewe.

Numi haimlipi tapeli vya kutosha kuikalia na kisu. Hatari yake ni nyingine: mafungu ya "sarafu hazijasafishwa" yanayouzwa kwa uzito. Mengi yameshachambuliwa, nzuri zimeondolewa, na unachopata ni vidonge vya kutu. Ukipata yenye mabaki ya ule weupe wa fedha, usiisugue hata kwa kitambaa.

Ugonjwa wa shaba hauchagui. Ni madoa ya kijani mpauko yenye unga unaopukutika ukiyagusa kwa kijiti cha meno, yanayotokana na chumvi za klorini zinazokula shaba zikipata unyevu. Utandu wa kijani ulio mgumu na laini ni salama, na ndio unaopendwa, unga sio. Ukiishi Mombasa, Tanga au Unguja, hewa ya pwani ni adui wa wazi. Weka sarafu kwenye kikasha kinachobana pamoja na vipakiti vya kukausha unyevu, na uepuke mifuko ya plastiki laini yenye PVC.

Ile ya katikati

Asi na dupondi za karne ya 1 na ya 2 zina upana wa milimita 25 hadi 28. Hiyo inatosha kuonyesha uso wa mtu, na bei yake mara nyingi ni nusu ya sestersi ya hali ileile au chini zaidi. Hekalu la Janus la Nero lipo kwenye asi. Dupondi utaitambua kwa taji la miale ambalo Kaisari huvaa kuanzia zama za Nero. Sioni kwa nini mtu anayetaka Traianus au Hadrianus halisi aruke hapa akimbilie pande kubwa lililokufa. Baada ya numi mbili tatu za kujifunzia macho, asi ndiyo ningeinunua.

Sarafu za Aleksandria ziko pembeni, lakini anayetaka Roma ikiwa Afrika asizipuuze. Misri ilikuwa na pesa yake isiyotumika nje ya jimbo, yenye Kigiriki badala ya Kilatini, na nyuma yake kuna Mto Nile kama mzee aliyejilaza na mamba karibu naye, miungu Serapis na Isis, na viboko. Mwaka wa utawala umeandikwa kwa alama inayofanana na L na herufi ya namba, kwa hiyo tarehe unayo moja kwa moja. Shaba zake kubwa za Hadrianus na Antoninus Pius hupatikana zimechakaa sana, na ndizo zinazohitaji karatasi za kuonyesha zilikotoka kuliko zote. Misri ilifunga biashara ya mambo ya kale kwa Sheria namba 117 ya 1983, hivyo tafuta zile zenye historia ya makusanyo ya zamani, kama ya Giovanni Dattari aliyeishi Cairo. Italia, Ugiriki na Uturuki nazo hazitaki mchezo na vitu vinavyotoroshwa. Kwa sarafu yoyote utakayochagua, iwe ya dola 25 au 2,500, dai risiti yenye picha, uzito, kipimo na mahali ilikotoka kabla, uitunze pamoja nayo. Muuzaji anayekasirika ukiuliza ilitoka wapi mwache aendelee na wateja wengine.